Uliza Bi Mwalimu: Matokeo ya uandishi yamekwama wapi?

Msimu wa mashindano ya uandishi ukifika katikati, barua zenu huwa ni zile zile: nani ameshinda, mbona kimya, twende Nairobi au tusiende. Mwezi huu nimechagua nne. Mbili zilikuwa ndefu nikazipunguza, wenyewe mtaniwia radhi.

*

Bi Mwalimu, as-salaam alaykum. Binti yangu yuko gredi ya nane katika skuli moja hapa Kisauni. Mwezi wa pili waliandikishwa barua za lile shindano la kimataifa la Posta. Aliandika, akafuta, akaandika tena, na siku aliyokuja kunisomea jikoni hata mbaazi ziliungua kwa kumsikiliza. Tangu hapo hatujasikia neno. Likizo ya Aprili imepita, sasa twaelekea ya Agosti. Kila nikirudi kazini aniuliza, "Mama, hawajapiga?" Mwalimu wa darasa asema tungoje. Tungoje mpaka lini? Na kuna mtu naweza kumuuliza bila kuonekana msumbufu?
*Mama wa Kisauni*

Waalaykum salaam, mama mwenzangu. Kuwa msumbufu kidogo tu, tena kwa adabu. Matokeo mengi ya watoto wetu yamefukuliwa na akina mama wasumbufu.

Kwanza ujue shindano lenyewe linavyokwenda. Lilianzishwa na Umoja wa Posta Duniani mwaka 1971, na ni la watoto wa miaka 9 hadi 15. Hapa kwetu husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Barua hushindanishwa ndani ya nchi, kisha kila nchi huchagua moja tu ikaipeleka Bern, Uswisi, yaliko makao ya Umoja huo, ishindane na za wenzao. Hiyo moja hupelekwa kabla ya katikati ya mwaka. Kwa hivyo wasahihishaji wa kwetu huenda walimaliza kazi yao zamani, na kinachongojwa ni siku ya kutangaza. Siku hiyo iandike ukutani: 9 Oktoba, Siku ya Posta Duniani. Umoja huo uliundwa Bern tarehe kama hiyo mwaka 1874, na washindi wa nchi mara nyingi hutuzwa katika sherehe za siku hiyo. Kimya cha Julai, basi, bado si jibu.

Sasa nikupe la ndani. Mimi nimekaa pande zote mbili za ile meza, ya wanaopeleka watoto na ya wanaosahihisha. Usahihishaji hauendi mbio kama wazazi wanavyodhani. Karatasi hufunikwa majina zikapewa nambari. Kila moja husomwa na watu wawili ambao hawakuonyeshana alama. Wakitofautiana sana, hupewa wa tatu. Na hao wote ni walimu wenye madarasa yao, husoma usiku na Jumamosi, kwa chai ya rangi na biskuti. Barua ya mia mbili haipati macho yale yale yaliyosoma ya kwanza, ndiyo maana wenye akili husimamisha kazi wakalala. Hapo wiki zishaenda.

Lakini ucheleweshaji unaoniudhi hasa si huo. Ni ule wa matokeo yaliyotoka na hayakumfikia mtoto. Fomu ya shindano hujazwa skulini: sanduku la posta ni la skuli, barua pepe ni ya skuli, nambari ya simu ni ya mwalimu aliyekuwa zamu mwaka huo. Mwalimu akihamishwa, simu huhama naye. Likizo ikiingia, hakuna anayekwenda posta kufungua sanduku. Skuli moja ya huku bara, sitaitaja, barua ya mwaliko ya kijana wao ilikaa katika droo ya karani chini ya vitabu vya risiti za chakula cha mchana, bahasha haijapasuliwa, hata sherehe ikapita. Karani hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia kuwa kuna kitu kinachongojwa.

Kwa hivyo usimuulize mwalimu "matokeo lini?" Hilo hana jibu lake. Muulize: barua ya binti yangu ilipelekwa lini, kwa anwani gani, na kwenye fomu iliandikwa simu ya nani? Ukishapata hayo, nenda kwa karani siku za mwanzo za muhula wa tatu, msalimie vizuri, mwambie jina kamili la mtoto, na umuachie nambari yako kwenye kikaratasi. Wiki ya mwisho ya Septemba rudi tena. Skuli ikiona sawa, mwalimu mkuu ndiye apige simu kwa waandalizi. Mzazi mmoja mmoja akipiga huambiwa "tutawasiliana na skuli", na ndivyo inavyofaa.

Kuhusu binti yako, mwambie tarehe. Mtoto hachoshwi na kungoja kama anavyochoshwa na kungoja asipojua mwisho wake. Mwambie 9 Oktoba ikipita bila simu, basi mwaka huu haikuwa, na kama bado hajapita miaka 15 mwakani ataandika tena, maana mada hubadilika kila mwaka. Mashindano mengi huwapigia walioshinda tu, na aliyekosa haambiwi kitu. Silipendi jambo hilo, na waandalizi nimewaambia uso kwa uso. Hujibu kuwa karatasi ni nyingi. Nyingi ni kweli, lakini shindano la insha la Jumuiya ya Madola, lililoanza mwaka 1883 na linaloingiza watoto wa nchi chungu nzima, hutoa vyeti vya dhahabu, fedha na shaba kwa wengi wasiokuwa wa kwanza. Watakao huweza.

Na nakala ya barua yake mnayo? Kama ilikwenda ile ya pekee bila kupigwa hata picha kwa simu, mwakani msirudie.

*

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, naishi Likoni. Nimepata barua ya mwaliko kwenda Nairobi kwenye sherehe ya kutuza washindi wa shindano la kitaifa la insha. Barua yasema mimi ni mmoja wa waliofika fainali, na nije na mzazi mmoja. Haisemi nimekuwa wa ngapi. Baba ana kibanda cha vipuri na asema hawezi kufunga siku mbili kwenda kupiga makofi, bora wanitumie cheti. Mama yuko tayari ila hajawahi kwenda Nairobi. Nifanyeje? Na nivae nini? Nasikia huenda nikaambiwa nisome insha yangu mbele ya watu.
*Mwandishi wa Likoni*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Nenda. Nenda na mama.

Mwaliko usiotaja nafasi ndio desturi yao. Wakitaja, wa kwanza atatangaza mtaani, na wa nane atasema ana malaria. Wanataka ukumbi ujae na siri ikae mpaka mshereheshaji afungue bahasha. Aliyeitwa fainali kwa kawaida harudi mikono mitupu, japo cheti na vitabu. Lakini usiende ukihesabu pesa, utaumia njiani.

Kabla ya kugusa hata shilingi ya nauli, mwalimu wako apige simu ile iliyo kwenye barua. Aulize kama nauli na malazi ni juu yao au juu yenu, na kama ni juu yao, zinalipwa kabla au mnarudishiwa baadaye kwa risiti. Hilo la risiti limewaacha watu wengi midomo wazi, maana makanga wa basi hatoi risiti mpaka uidai. Kisha aulize kama tarehe imethibitishwa. Sherehe zikifungamanishwa na ratiba za wakubwa huhama. Washindi wa shindano la insha la Jumuiya ya Afrika Mashariki, la wanafunzi wa sekondari, hutuzwa kwenye mkutano wa kilele wa marais. Na mkutano wa 21 uliokuwa ufanywe Novemba 2019 uliahirishwa na kuahirishwa, ukaja kufanywa Februari 2021, tena kwa njia ya mtandao. Yako si ya marais, lakini waziri naye ana shajara yake. Kateni tikiti wiki ile ile, simu ya kuthibitisha ikishapigwa.

Safari yenyewe: kama sherehe ni asubuhi, ondokeni jana yake. Treni ya alasiri itawafikisha Syokimau, iliko stesheni ya Nairobi, usiku wa mapema, mkalale kwa jamaa. Mtu wa Mombasa hakosi jamaa South C au Eastleigh. Mama aanze kupiga simu leo. Ile ya usiku hushusha watu kabla ya alfajiri, na kijana aliyekesha kwenye kiti hasomi vizuri jukwaani. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 ikawa shilingi 1,500 kwa mtu, na tikiti hukatwa kwa simu kwa *639#. Kutoka Likoni msijidanganye. Mna feri, mna matatu za mjini, mna njia ya Changamwe yenye malori yasiyokwisha, kisha mkifika stesheni ya treni ya Miritini mizigo hupangwa chini kwa safu, watu wakarudi nyuma, mbwa wa polisi akapita akinusa begi baada ya begi. Mama aambiwe mapema asije akashtuka, na kama amebeba samaki wa kukaanga wa zawadi, amfunge vizuri. Hilo si mzaha. Mchukue kitambulisho cha mama, nakala ya cheti chako cha kuzaliwa, na barua ya mwaliko yenyewe kwenye karatasi, si picha tu. Simu hufa chaji.

Uvae sare ya skuli, nzima, na sweta. Sweta usiliache hata kama hapa Likoni unatokwa na jasho ukilitazama. Nairobi ya Julai si ya kuchezea, na kumbi zao zina vipoza hewa juu ya baridi ile. Viatu vyeusi vipigwe rangi. Mama avae anavyovaa akienda harusini mchana. Asivae kwa kuogopa watu wa Nairobi.

Kuhusu kusoma: wakikwambia usome, hawatakupa insha nzima, labda aya mbili tatu. Chagua mwenyewe leo aya utakazosoma. Ziandike upya kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu, maana karatasi nyepesi hutetemeka na mkono na watu wa mbele huisikia. Zisome kwa sauti ufukweni, upepo ukivuma, ukiweza kusikika huko basi ukumbini huna shida. Maikrofoni iwe mbali na kinywa kiasi cha upana wa kiganja. Usianze mpaka waliokaa wametulia. Halafu jiandae na jambo moja: mshereheshaji akisikia umetoka Mombasa atasema "haya, mwenye Kiswahili chake huyo!" na ukumbi utacheka, na pengine atakutaka uongee kimvita kidogo. Ukitaka, wape. Usipotaka, tabasamu na uanze kusoma. Hukwenda kuwa kichekesho.

Sherehe itachelewa. Mgeni wa heshima hufika saa mbili baada ya saa yake, wadhamini watahutubu kila mmoja, na tuzo zitaanza za chini kwenda juu. Kula kitu asubuhi. Ukiitwa, shika cheti kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia wa salamu, tazama kamera, shuka. Wakikushikisha ile hundi kubwa ya kadibodi, hiyo ni ya picha, benki haiipokei. Pesa halisi huja baadaye, na kwa kuwa hujafika miaka 18 zitapitia kwa mzazi au mlezi. Kwa hivyo kabla ya kutoka ukumbini, mama achukue jina na simu ya ofisa anayeshughulikia malipo, si ya mshereheshaji wala ya mpiga picha. Hilo lisahauliwe na kila mtu mwingine, mama asilisahau.

Na cheti kisomeni hapo hapo. Majina yetu ya Pwani wakiyaandika huyatengeneza wapendavyo: Swaleh awa Saleh, Athman awa Othman, Mwanaisha akatwe katikati. Jina la kwenye cheti lilingane na la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, maana siku utakapokipeleka kuomba ufadhili hakuna atakayekuuliza baba yako alikuitaje. Likikosewa, mwambieni ofisa kabla hajapanda gari. Siku hiyo watachapisha kingine kwa dakika tano. Baada ya siku hiyo itakuwa kesi.

Nina neno kwa baba yako, umsomee. Bwana, salamu nyingi. Kibanda kukifunga siku mbili ni hasara, najua bei ya kodi ya mjini. Basi usikifunge. Lakini siku ya kuondoka mpeleke kijana mpaka feri wewe mwenyewe, na akirudi cheti kitundike kibandani, mahali wateja wanapokiona.

*

Mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzako, nafundisha masomo ya ziada jioni mtaani Changamwe. Msichana mmoja wangu wa miaka 13 amechaguliwa fainali ya shindano la hadithi fupi. Kisa ni chake, cha nyanyake aliyekuwa akiuza viazi karai stesheni. Ila mwanzo na mwisho niliandika mimi, nikaongeza na methali kadhaa. Sasa wamesema watawahoji watoto kabla ya kutangaza. Nimfundishe majibu, ama ninyamaze?
*Mwalimu wa jioni*

Mwalimu mwenzangu, usimfundishe majibu. Wanaohoji hawaulizi "uliandika wewe?" Huchukua sentensi moja wakamuuliza mtoto kwa nini ameiweka hapo. Mtoto aliyeiandika hujibu hata kwa kubabaika: kwa sababu nyanya alikuwa hivi, kwa sababu siku hiyo kulinyesha. Aliyefundishwa hurudia sentensi ile ile kwa sauti ya juu zaidi.

Tena nakuambia kama msahihishaji: mwanzo wako tuliuona. Sijui ni upi, lakini tuliuona. Walimu wote nchini tuna mwanzo mmoja, "Katika ulimwengu huu wa sasa unaobadilika kila kukicha", na mwisho mmoja wa kuwaasa vijana. Katikati yake ghafla yatokea mafuta ya viazi yakiruka mkononi mwa bibi mzee, mtu aamka kwenye kiti. Waliomchagua walichagua bibi na viazi. Methali zako walizivumilia.

Kwa hivyo fanya hivi, wiki hii. Kaa kwanza na msichana na mzazi wake, kwa kuwa jina lililo kwenye karatasi ni lake na hapaswi kusikia haya kutoka kwa mtu mwingine. Kisha piga simu kwa waandalizi, au mwalimu mkuu wake apige, useme bila kuzunguka: kisa na mwili wa hadithi ni wa mtoto, aya ya kwanza na ya mwisho ni zangu, rasimu yake ya mkono tunayo. Mnayo, natumai. Wao wataamua. Pengine watamtaka aandike mwanzo mwingine mbele yao. Pengine watamtoa, na itauma. Lakini kutolewa kwa simu mwezi huu na kutolewa ukumbini wazazi wa wenzake wakitazama si maumivu ya aina moja, na ya pili mtoto wa miaka 13 haisahau.

Wengine mtaniandikia kusema siku hizi hata mwalimu hahitajiki, mtoto huitwangia akili unde kwenye simu ikamwandikia. Najua. Na huko nako mwanzo huwa ni ule ule wa ulimwengu unaobadilika.

*

Bi Mwalimu, nimepokea ujumbe kwa simu: "Hongera, mwanao ameshinda shindano la kitaifa la uandishi. Tuma shilingi 850 za usajili wa cheti kwa nambari hii kabla ya saa kumi leo." Mwanangu kweli aliandika insha skulini. Nitume?
*Baba wa Tudor*

Usitume hata ndururu. Mshindi halipii ushindi wake, na hakuna shindano la wanafunzi linalompa mzazi mpaka saa kumi. Mwito wa kweli hupitia skulini na hutaja jina la mtoto. Huo wako umesema "mwanao" tu. Kama uliingia kwa laini ya Safaricom, upeleke kwa 333, nambari yao ya kuripoti matapeli, ni bure. Kisha mpigie mwalimu mkuu umuulize insha ile iliwahi kupelekwa popote au ilibaki stafu, na umuulize pia orodha ya simu za wazazi imekuwa kwa nani.